Jaa la Mheshimiwa Tembo

Hapo zamani za kale, watoto wangu, siku ambazo wanyama walikuwa na nyumba na majiko na milango ya kufunga, palikuwa na kilima kikiitwa Shibe. Juu ya kilima walikaa wakubwa. Chini, bondeni, walikaa wadogo. Sogeeni karibu. Na wewe unayetafuna muwa, maganda yake weka mfukoni mwako. Utajua kwa nini.

Nchi ile ilikuwa na desturi yake. Kwao tajiri hakujulikana kwa nyumba wala kwa shamba. Alijulikana kwa jaa. Ndiyo, jaa la taka! Kila mwenye nyumba alirundika taka zake mbele ya mlango, na mgeni akifika, kabla ya kubisha hodi, anasimama kwanza kulitazama rundo. Likiwa kubwa, anainama. Likiwa dogo, anapiga miayo.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Jaa halijambo?"

"Marahaba. Jaa halijambo, linanenepa."

Hivyo ndivyo walivyosalimiana, watu wazima na akili zao. Msicheke, bado sijafika.

Kila mwaka baada ya mavuno kulikuwa na karamu, na mwenye jaa kubwa kuliko wote ndiye aliyekalia kiti cha mpingo. Aliyekalia kiti hicho ndiye aliyeamua mambo yote: nani akate mti, nani achote maji, nani afunge mdomo. Na kila mwaka aliyekaa pale alikuwa Tembo. Nani angeshindana na Tembo kwa kutupa? Akitamani majani mawili ya kileleni mwa mgunga, anauangusha mgunga mzima. Krrrr... puuu! Anakula majani yake mawili, mti unakwenda jaani. Jirani yake, Bi Kiboko, alipika masufuria saba ya maboga ili achague boga moja lililoiva vizuri. Nyati naye alilaza shamba zima la mahindi akitafuta hindi moja lililonona.

Wadogo wa bondeni hawakuwa na jaa. Wangelitoa wapi? Pimbi akila hindi, gunzi linakuwa kuni na maganda yanakuwa godoro. Mzee Kobe akila tikiti, anakula na ganda lake, mbegu anazipanda. Basi kwenye karamu walikaa nyuma kabisa, penye moshi, na hakuna aliyewauliza neno.

Ikafika siku majaa ya wakubwa yakaanza kunuka. Si kunuka kidogo, kunuka kwa kuamsha wagonjwa! Bi Kiboko akawa anakula amejifunga leso puani. Tembo mlango wake ukawa haufunguki vizuri. Akafikiri, akapata wazo. Na kaeni chonjo siku mkubwa anapopata wazo.

"Tuyasukume bondeni," akasema. "Uvundo ukae kule, sifa zibaki hapa. Mgeni akija tutamwonyesha kwa mbali: lile rundo kule chini, unaliona? Ni letu."

"Ee, Mheshimiwa, una kichwa wewe!" akasema Nyati, ambaye kazi yake ilikuwa kusema hivyo.

Tangu hapo ikawa kila asubuhi: gudu gudu gudu... porooo... bwaa! Magogo, mikungu ya ndizi, maboga yaliyooza, viti vilivyovunjika, vyote vinaporomoka kilimani mpaka mlangoni kwa Pimbi.

Na mlangoni kwa Pimbi, sikilizeni hapa, ndipo ilipokuwa chemchemi. Bonde zima halikuwa na maji mengine. Zamani maji yake yalikuwa maangavu, baridi ya kuuma meno. Wiki ya kwanza yakawa na rangi ya chai. Wiki ya tatu yakatoa mapovu. Halafu rundo likaipanda chemchemi yenyewe, ikawa inatoa bakuli moja kwa kutwa, na bakuli lenyewe lazima ulichuje kwa kitambaa. Watoto pacha wa Pimbi, Kulwa na Doto, wakashikwa na tumbo. Wakalala wamejikunja kama majongoo, hawataki kucheza, hawataki kula.

"Mimi nahama," akasema Mzee Kobe.

"Utahamia wapi, mzee wangu?" akamuuliza Pimbi. "Kwa mwendo wako huo, ukifika utakuta Doto ana wajukuu."

"Basi tufanyeje, Mama Kulwa? Tukae tunywe uozo wa wenzetu? Mwezi mmoja zaidi na chemchemi imekufa. Nasi nyuma yake."

Pimbi alitazama watoto wake. Alikuwa mdogo, hana mkia, hana pembe, ila mdomo alikuwa nao. Akajifunga kanga kiunoni, akapanda kilima.

"Hodi!"

"Nani huyo?" Tembo alikuwa kivulini na Bi Kiboko, Nyati akiwapepea.

"Mimi Pimbi wa bondeni. Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Sema haraka, napumzika kabla ya kula."

"Sizunguki, basi. Taka zako zimefunika chemchemi yetu. Watoto wangu wanaumwa. Njoo uzoe."

Tembo akacheka, tumbo likatikisika. Bi Kiboko yeye akainua leso puani.

"Ninyi watu wa bondeni," akasema, "mna nini na uchafu? Mimi nikitazama tu huko chini nashindwa kupumua. Usafi hauhitaji utajiri, shoga. Hauhitaji kabisa! Hebu ngoja." Akaingia ndani, akatoka na ufagio wa chelewa uliobakiwa na vijiti vinne. "Haya, chukueni. Mfagie kwa zamu. Na wiki ijayo nitashuka kuwafundisha kunawa mikono."

"Kunawa na nini, bibie? Maji yamekwisha."

"Basi nitawafundisha kwa maneno."

"Ee, Bi Kiboko, una huruma wewe!" akasema Nyati.

Pimbi akaushika ule ufagio. Akamgeukia Tembo.

"Mheshimiwa, nijibu neno moja. Zile taka ni zako au si zako?"

Tembo akanusa mtego. Akisema ni zake, ataambiwa azizoe. Akasafisha koo.

"Sheria ya nchi hii huijui? Jaa ni la mwenye mlango. Kilicholala mlangoni kwako ni chako. Babu yangu alisema hivyo, na babu yake naye alisema hivyo."

Pimbi alifungua mdomo amtukane. Akaufunga. Masikio yake yakasimama.

"Hata kama limetoka kwako?"

"Hata kama limeshuka kutoka mbinguni!"

"Sijasikia vizuri, Mheshimiwa. Masikio yangu madogo. Hebu sema kwa nguvu, na hawa wenzako wasikie, nisije nikapeleka uongo kule chini."

Basi Tembo, aliyeipenda sauti yake kuliko ngoma yoyote, akasimama, akainua mkonga: "JAA NI LA MWENYE MLANGO! Asitafutwe mwingine!"

"Ahsante, Mheshimiwa. Na ufagio pia nashukuru, bibie."

Akashuka mbio, tipu tipu tipu, mpaka kwa Kobe.

"Mzee wangu, usihame! Kesho unakuwa mtu mkubwa."

"Nimekosa nini tena?" akauliza Kobe.

Asubuhi yake Nyati alipokuja kusukuma taka kama kawaida, gudu gudu, porooo, bwaa, akasikia kitu ambacho hajapata kukisikia. Kutoka bondeni vigelegele!

"Riririririi! Ongezeni! Leteni zaidi! Bonde lina nafasi!"

Nyati akachungulia. Haki ya nani, akaona maajabu. Wadogo wote wamevaa nguo zao za sikukuu. Mzee Kobe anatembea kulizunguka rundo na bakora, kifua mbele, ingawa kifua chenyewe huwezi kukiona. Na juu kabisa ya jaa, kwenye kiti cha Bi Kiboko kilichotupwa kwa kukatika mguu mmoja, ameketi Pimbi, miguu inaning'inia.

"Shikamoo, Mama Kulwa! Jaa halijambo?" Kobe akaita kwa sauti ya kufika kilimani.

"Marahaba! Jaa halijambo, linanenepa!"

Nyati akatimua mbio kwa Tembo.

"Mheshimiwa! Wale wadogo wanashangilia."

"Wanashangilia nini?"

"Taka."

"Taka zipi?"

"Zetu. Yaani... zao. Yaani zile."

Tembo akaacha kutafuna. Wakamwita Bi Kiboko, wakashuka wote watatu mpaka ukingoni mwa rundo, Bi Kiboko ameziba pua kwa leso mbili.

"Karibuni, wageni," Pimbi akasema kutoka juu. "Ningewaamkia, lakini naona sasa ni ninyi mnaopaswa kuniamkia mimi. Haya, nawasikiliza."

"Shuka kwenye jaa langu!" Tembo akanguruma.

"Jaa la nani?"

"Langu! Magogo yale nimeyaangusha kwa mkonga wangu mwenyewe!"

"Na mlango huu, Mheshimiwa, ni wako?"

Tembo akautazama mlango. Akayatazama magogo yake.

"Nyati, ndugu yangu," Pimbi akaendelea, "wewe ulikuwepo. Mheshimiwa alisemaje jana?"

Nyati, aliyezoea kuitikia, akaitikia: "Ee, alisema vizuri sana! Alisema jaa ni la mwenye..."

"Nyamaza, bwege wewe!" Tembo akamkata.

"Basi karamu ni keshokutwa," Pimbi akasema, akijipepea kwa ule ufagio wa vijiti vinne. "Kiti cha mpingo nitakikalia mimi. Ni kirefu, nitahitaji wa kuniinua, labda Mheshimiwa atanisaidia kwa mkonga. Amri yangu ya kwanza nimekwisha kuifikiria. Mto wa upande wenu wa kilima mnaoga bila hesabu, sasa utakuwa na zamu. Kila mkubwa kikombe kimoja."

"Mimi?" Bi Kiboko leso zikamdondoka zote. "Mimi nioge kwa kikombe?"

"Usafi hauhitaji utajiri, shoga."

Tembo alikuwa amebadilika rangi. Akafikiria kukanyaga, lakini wanyama wa nchi nzima wangekuja kwenye karamu kuuliza sheria ya babu yake imekwenda wapi. Akarudisha mguu nyuma.

"Tunalitaka jaa letu."

"Halitoki. Tumelizoea. Kulwa na Doto wameligharamia kwa matumbo yao."

"Tuna... tunaomba." Neno lenyewe lilimtoka limepinda, maana hakuwahi kulitumia.

Pimbi akajikuna kidevu. Akatazama mawingu. Akamtazama Kobe. Akawaacha wasubiri mpaka Bi Kiboko akaanza kulia.

"Huruma itaniua mimi," akasema mwisho. "Haya, chukueni. Lakini lisikieni neno langu. Likibaki hata ganda moja mlangoni pangu, ganda hilo ni jaa, na jaa ni la mwenye mlango, na siku ya karamu nitasema mengine yote mliyobeba ni watoto wake. Kwa hiyo mtoe lote. Mpaka mchanga mweupe uonekane."

"Na matope?" akauliza Nyati.

"Matope yametoka wapi kama si kwenye jaa?"

"Na yaliyo ndani ya chemchemi?"

"Humo ndani kuna maboga ya Bi Kiboko. Ayaache kama hayataki. Mimi nitayahesabu kuwa yangu."

"Thubutu!" akasema Bi Kiboko, akajitosa. Chubwi!

Watoto, kazi ilifanyika pale! Wale ambao hawajawahi kuinua hata kijiko walibeba siku mbili mfululizo. Tembo magogo mgongoni, anapanda anahema, fuuu, fuuu. Nyati vikapu pembeni, kimoja pembe hii kimoja pembe ile. Bi Kiboko ndani ya chemchemi, anazoa matope kwa mdomo mzima, mdomo uliozoea kuchagua maboga. Na ugomvi juu yake!

"Boga hilo langu, Nyati, liweke chini!"

"Lako wapi, bibie? Halina hata jina!"

"Lina alama za meno yangu, mwizi wewe!"

Mzee Kobe alisimamia, bakora mkononi. Siku hiyo hakuona haraka yoyote.

"Mheshimiwa, pale kuna kokwa."

"Wapi?"

"Pale. Kidogo kushoto. Hapana, kushoto kwangu."

Tembo akainama, nyama zote zile, akaokota kokwa kwa ncha ya mkonga, akalipangusa, akalipeleka kilimani kama amebeba yai. Akarudi. Kobe akamwonyesha jingine.

Jioni ya pili Bi Kiboko aling'oa boga la mwisho lililoziba jicho la chemchemi. Po! Ikakohoa. Chiri... chiriii... chururururu! Maji yakatoka na hasira ya siku zote zile. Kwanza ya kahawia, kisha ya chai, kisha maangavu. Pimbi hakungoja kumshukuru mtu. Alikinga bakuli, akawapelekea Kulwa na Doto. Kulwa alikunywa akaomba jingine. Doto alikunywa akauliza kuna nini cha kula. Pimbi akageuka ukutani kidogo, akajifanya anatafuta chumvi.

Mngesema hadithi imekwisha, siyo? Kaeni chini.

Kule juu kila mkubwa alirundika sehemu yake mlangoni pake. Na Tembo, baada ya kufedheheka vile, hakutaka mtu aseme tena kwamba jaa lake liko nusu kwake nusu kwa jirani. Akalibana kwenye mlango kabisa, limeegemea kizingiti, refu kuliko paa. Asubuhi ya karamu akapenya kwa ubavu, akaingia ndani kujipamba.

Nyati akapita, akaona rundo, akakumbuka aliitwa bwege. Akataka kujipendekeza tena. Akaokota magogo mawili ya mwisho, akayarusha juu kabisa kwa heshima ya Mheshimiwa.

Grrrr... gubuuu!

Jaa lote likaporomokea mlangoni. Mlango ukazikwa, dirisha likazikwa, likabaki tundu moja la kupenya panya.

Wageni wakafika. Jua likapanda utosini. Kiti cha mpingo kitupu. Kisha kutoka kwenye rundo ikasikika sauti nene imefifia:

"Nitoeni!"

"Ni Mheshimiwa!" akasema Nyati. "Tumtoe!"

"Tumtoe vipi?" Bi Kiboko akamshika pembe. "Tuguse jaa lake? Mali ya mwenyewe? Jaa ni la mwenye mlango, sisi hatugusi." Alikwisha kupiga hesabu zake. Kama wa kwanza hatoki, kiti ni cha wa pili. Akakimbia, akajitupa juu ya kiti cha mpingo, bwata!

Hakukikalia hata kwa muda wa kuchemsha uji. Nzi wa jaa lake walimfuata, vuuum, puani, machoni, mdomoni alipojaribu kuhutubia. Akapiga kelele, akaruka, akakimbilia mtoni, akajizamisha, pua nje. Mpaka leo yumo, mnamwona. Eti anapenda maji.

Pimbi ndiye aliyelisogelea lile tundu. Akabisha kwa adabu.

"Hodi, Mheshimiwa! Shikamoo. Jaa halijambo?"

"Pimbi! Pimbi mwanangu, ni wewe? Nakufa humu! Niondolee taka hizi!"

"Taka za nani?"

Ndani gogo likasikika likisukumwa, halikusogea.

"Za... zangu."

"Sijasikia vizuri, Mheshimiwa. Unajua masikio yangu."

"ZANGU!" Kilima kizima kilitetemeka, mpaka kijiko cha mwisho cha karamu kikaanguka. "Zangu mimi! Nimezitupa mimi! Hata za bondeni zilikuwa zangu!"

"Haya, hilo tu ndilo nililopanda kuliuliza siku ile," akasema Pimbi. Akachukua ule ufagio wa chelewa, akaupenyeza kwenye tundu, kijiti kwa kijiti. "Shika. Ufagie kwa zamu. Zamu ya kwanza wewe, ya pili wewe tena. Na wiki ijayo nitapanda kukufundisha kunawa, maji ninayo."

Tembo alitoka siku ya tisa, amekonda. Kiti cha mpingo hakuna aliyekitaka tena, kikawa cha kuanikia nguo. Nzi nao hawakumwacha Tembo. Ndiyo maana mpaka leo, mchana kutwa, anapiga masikio, pa, pa, pa. Anawafukuza. Na ukienda kwenye majabali wanakokaa pimbi utakuta hata choo chao kiko mahali pamoja, pembeni. Wajukuu wa Kulwa na Doto hao, hawarushi kitu kwa jirani.

Wewe wa muwa, maganda yako wapi? Mfukoni? Vizuri, sasa unaweza kucheka.

Nami nasema wazi nisije nikaeleweka vibaya: shibe ikiwa yako, na uvundo wake ni wako, usimsukumie mwenye njaa.